Mkondo Uliozidi

Jumatatu, 10 Machi 2025

Mvua ya masika imeingia. Tangu saa nane mchana mabati ya kiwanda yanapigwa mpaka mtu hasikii akiitwa. Ni mvua nzuri kwa chai, majani yanaota ukiyaangalia, na malori yalikuwa yamepanga foleni kutoka Magwagwa na Nyaramba. Ndipo feni ya safu ya juu ikazima.

Niandike polepole, maana nimekasirika, na nikikasirika hurukaruka. Mimi ni fundi wa umeme hapa. Majani mabichi yakishapimwa humwagwa kwenye vitanda virefu vya wavu, na feni kubwa hupuliza hewa chini yake ili yanyauke kabla ya kusagwa. Feni ikizima, majani hupata joto, huwa mekundu, hunuka kama sukuma wiki iliyosahauliwa sufuriani. Mwendo wa feni huongozwa na kisanduku cha umeme tunachokiita draivu. Leo draivu ilionyesha herufi mbili, OC, yaani mkondo wa umeme umezidi, ikajizima ili isiungue. Nikaiacha itulie, nikaiwasha, ikaendelea kana kwamba haijafanya lolote.

Kilichonikera si hizo herufi. Meneja wetu, Bwana Ongeri, alipofika hakuuliza feni ina nini. Alimuuliza Mama Sheryl amebonyeza nini. Mama Sheryl ndiye mwendeshaji wa safu ya juu. Jina lake ni Adoyo, kwao ni upande wa Oyugis, kuelekea ziwani, na amepanga nyumba hapa Ekerenyo tangu Sheryl akiwa mgongoni.

"Nimebonyeza kuwasha," akamjibu. "Ndiyo kazi mliyonipa."

Jumatano, 12 Machi

Imezima tena alasiri, mvua ikinyesha. Meneja amekuja tena kutazama vidole vya Mama Sheryl.

Ijumaa, 14 Machi

OC ni kama kilio cha mtoto. Inakuambia kuna jambo, haikuambii ni jambo gani. Huenda mota imekwama. Huenda feni inalazimishwa kushika mwendo haraka kuliko inavyoweza. Huenda waya mahali fulani unavujisha umeme. Kwa hiyo swali la kwanza ni inazima wakati gani: ikianza, ikipanda mwendo, au ikiwa imetulia? Nimeirekebisha ipande mwendo taratibu zaidi.

Thadeus, mkuu wa mafundi, akasema ni beringi za mota. Amezibadilisha, ingawa zilizotoka sikuona ubaya wake. Sikubishana naye. Nilipokuja hapa kutoka chuo cha ufundi nilikuwa msichana peke yangu kwenye karakana, na Thadeus aliwaambia wale wanaume kwamba atakayenicheka atapewa ufagio badala ya spana. Mimi humwita Tata, kama baba yangu mwenyewe. Hakuna mtu ninayemwamini kuliko yeye kiwandani.

Jioni meneja alimpa Mama Sheryl onyo, eti anawasha na kuzima ovyo. Nikamweleza kwamba draivu hujiwekea kumbukumbu kila inapowashwa, na haionyeshi hivyo. Akasema hakuniuliza.

Jumanne, 18 Machi

Jua. Feni imezunguka kutwa.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua kubwa. Safari hii imezima kabla feni haijasogea hata kidogo. Hilo limenikaa kichwani. Beringi ni mpya, na kitu ambacho hakijazunguka hakiwezi kuzimwa nazo.

Jumatatu, 24 Machi

Brandon, fundi wa kampuni iliyotuuzia draivu, amefika kutoka Nairobi. Ameitoa ile ya kwanza na kuweka mpya. Nilitaka kumwona mwenye kiburi nikashindwa, alifanya kazi kwa utulivu na kunisikiliza. Kabla ya kuondoka aliniambia, "Kama na hii mpya itazima, acha kutafuta ndani ya kisanduku. Tafuta nje." Nikamwomba angoje mpaka mvua inyeshe. Meneja akacheka, akasema Brandon si mchawi wa mvua. Nyuma yake jua lilikuwa linawaka.

Alhamisi, 27 Machi



Mvua ilianza mapema, na draivu mpya ikazima kama ile ya kwanza. Nikaiwasha, ikazima. Nikaiacha ipoe, nikaiwasha, ikazima. Safu nzima ya juu ilikuwa imejaa majani hadi pomoni. Mama Sheryl na wenzake walipanda vitandani wakayageuza kwa mikono, jasho linawatoka, lakini majani yalishaanza kupata joto. Malori yakarudishwa langoni. Chai iliyomo nayo ikaanza kuharibika ndani ya magunia.

Wakulima walisikia. Saa tisa uwanja ulikuwa umejaa watu wenye miavuli na mifuko ya plastiki kichwani, na mama yangu, Kwamboka, alikuwa kati yao. Majani yake ya asubuhi yalikuwa kwenye lori la Magwagwa. Hawakuja kwa fujo. Walitaka kujua nani amewaharibia.

Ongeri akasimama pale kwenye mizani. Kwanza alisema mitambo ni mipya kabisa. Halafu akasema mitambo mizuri ikipewa mtu asiyejali huwa mibaya. Kisha akasema maneno haya, niliyasikia kwa masikio yangu: "Kuna watu tunawaajiri hapa ambao hawana hata kichaka kimoja cha chai. Wataumia wapi?"

Watu wote wakageuka kumtazama Mama Sheryl. Alikuwa amesimama mlangoni, mikono imejaa utomvu wa majani aliyokuwa akijaribu kuyaokoa. Ongeri akamwambia avue aproni aende nyumbani hadi atakapoitwa. Mbele ya wote. Mtu mmoja huko nyuma akapiga makofi, na wengine wakamfuata.

Nikapaza sauti kwamba si yeye, kwamba draivu imezima mimi nikiwa nimesimama kando yake. Hakuna aliyenitazama. Nikamtafuta Thadeus kwa macho anisaidie, maana neno lake hapa lina uzito. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Mama Sheryl alivua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya mizani. Akatoka langoni bila mwavuli.

Jumamosi, 29 Machi

Sabato. Yeye na mimi tunasali kanisa moja. Leo alikaa na Sheryl kwenye benchi la pembeni, na benchi lote likabaki lao. Watu wanaoshika amri kumi kwa ufasaha walipita wakakaa kwingine. Nikaenda nikakaa naye. Baada ya ibada mama aliniambia nisijipake matope ya wengine, kwamba watu wa ziwani wana mambo yao. Nikamuuliza ni jambo gani moja alilowahi kumwona Adoyo akifanya. Akafungua mwavuli wake akatangulia njia nzima hadi nyumbani.

Jumanne, 1 Aprili

Kuna mwendeshaji mwingine safu ya juu sasa, na draivu imezima kama kawaida. Ungedhani mtu mwenye akili angeona. Badala yake meneja ameniita ofisini akaniagiza nipandishe kiwango cha mkondo ili draivu isijizime.

Nikamweleza kwamba ile OC ni mlinzi. Ukimfunga mlinzi mdomo, mwizi haondoki. Umeme utakaozidi utapita kwenye waya mpaka waya uungue, na katika jengo lenye vumbi la chai kila pembe, moto hauhitaji kualikwa.

"Mokeira," akasema, "hapa unafanya kazi au unahubiri?"

"Nafanya kazi. Ndiyo maana sitaigusa."

Akasema ataandika kwamba nimekaidi amri. Nikamwambia aandike na sababu pia.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimeipata, au karibu.

Leo ilinyesha tangu asubuhi. Niliomba feni isimamishwe wakati wa chakula cha mchana, nikakata umeme, nikafunga kufuli langu kwenye swichi. Nikachomoa waya zote kwenye draivu kwanza, maana mega ingeiua. Mega ni chombo cha kupima kama ngozi ya waya bado inazuia umeme. Nikaenda kwa mota, nikaipima peke yake: nzima kabisa. Nikarudi chumba cha umeme nikapima kebo peke yake, ile inayotoka kwenye draivu, inapita chini ya uwanja, inaingia jengo la vitanda. Mshale ulianguka kama mlevi.

Si draivu, si mota, si feni. Si kidole cha mtu yeyote. Ni kebo iliyoko ardhini, na ardhi ikilowa inavuja. Ndiyo maana siku za jua tulikuwa salama. Nimejiona mjinga kwa kuchelewa kutazama juu na kuona mawingu.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimemwomba meneja ruhusa ya kufukua. Amekataa. Kebo inapita chini ya kabro, yale matofali mapya ya uwanjani yaliyopangwa Februari kabla ya wageni kuja kufungua chumba cha umeme. Anasema uwanja hautang'olewa kwa sababu ya ndoto zangu.

Nikaenda kwa Thadeus, nikiwa na uhakika ataniunga mkono. Nikamweleza vipimo vyote. Alikuwa ananoa patasi, akaendelea kuinoa. Akasema kebo ni mpya, haiwezi kuwa na neno, niiache. Nimemjua miaka yote hii, sijawahi kumwona akikataa kipimo.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimevuta kebo nyingine ya muda, nimeipitisha juu kwenye vyuma vya paa badala ya ardhini. Wenzangu wa karakana walinisaidia bila kuuliza. Thadeus alisema mgongo unamuuma, hakuja.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua ya mawe. Mvua ya kupasua migomba. Feni imezunguka kutwa nzima bila kukohoa, na draivu ilikuwa inaonyesha mkondo uliotulia kama maji ya mtungini. Nilisimama mbele yake nikatamani Mama Sheryl awepo.

Nikaenda ofisini kusema ushahidi sasa uko wazi. Ongeri akanipongeza. Akanipa mkono! Akasema kazi nzuri, basi yaishe. Nikauliza lini Mama Sheryl anarudi. Akasema mambo ya wafanyakazi yana taratibu zake. Nikasema basi tufukue tuone kebo ina nini, ili hata wakulima waone. Akasema feni inazunguka, unataka nini tena?

Nataka nini tena. Mwanamke amevuliwa aproni mbele ya majirani zake, na mtu huyu anadhani lililokuwa limeharibika ni feni tu.

Jumatatu, 14 Aprili

Sitasahau siku hii.

Wakati wa chakula cha mchana, watu wakiwa kantini, nilichukua mtaimbo nikaenda uwanjani. Sikuwa na ruhusa. Nilijua kebo inapita wapi kwa jumla tu, nikaanza kung'oa kabro karibu na ukuta wa chumba cha umeme. Nilikuwa nimetoa chache nikasikia nyayo. Nikadhani ni meneja, nikajiandaa kugomba.

Alikuwa Thadeus. Akasema, akiniita mwanawe kwa Ekegusii, lugha yetu, "Si hapo, omwana one. Hapa."

Akaonyesha mahali kwa ncha ya kiatu, katikati kabisa ya uwanja, bila kupima, bila kutafuta.

Nikaenda pale alipoonyesha, nikang'oa, nikachimba. Hapakuwa na kina kirefu. Kebo ilikuwa imekatwa ngozi kwa sululu mpaka shaba ikaonekana, na juu ya jeraha palikuwa pamezungushwa tepu nyeusi, tabaka juu ya tabaka, sasa imelegea na kujaa maji. Niliitambua namna ile ya kuzungusha. Yeye ndiye aliyenifundisha: nusu juu ya nusu, na mwisho unaukunja ili mwingine apate pa kushika.

Alinieleza akiwa amesimama, kofia mkononi. Waliokuwa wakipanga kabro waliikata kebo siku moja kabla ya wageni kuja. Alimwambia Ongeri kwamba lazima kebo ivutwe mpya. Ongeri akasema hakuna muda, afunge tepu, afunike, watarekebisha baadaye. Akafunga, akafunika. Kiangazi kikashika. Baadaye haikufika.

"Na siku ile kwenye mizani?" nikamuuliza.

"Nilitaka kusema."

"Lakini hukusema, Tata."

"Nimebakisha kidogo nistaafu, Mokeira."

Wiki zote hizi nilikuwa nimeelekeza hasira yangu kwa Ongeri, na Ongeri aliistahili. Lakini Ongeri hakuwahi kunidanganya, maana sikuwahi kumwamini. Huyu ndiye aliyebadilisha beringi nzima akijua si beringi. Alinitazama nikihangaika na draivu, akamtazama mama wa watu akiondoka mvuani, na alikuwa anajua hata ni tofali gani.

Nimempa muda wa kwenda kusema mwenyewe. Nimemwambia asiposema, nitasema mimi.

Jumatano, 16 Aprili

Sijalala vizuri. Shimo bado liko wazi uwanjani na watu wanalizunguka kama kaburi. Ongeri ameliona, hakuuliza kitu. Alasiri alimpigia Mama Sheryl simu kumwambia anaweza kurudi kazini Jumatatu, kimyakimya, na kwamba wasahau yaliyopita.

Jumamosi, 19 Aprili

Baada ya kanisa nilimtembelea Mama Sheryl kwake. Anauza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni Ekerenyo siku hizi, na Sheryl alikuwa anafanya hesabu za shule mezani. Nilimweleza kila kitu: sululu, tepu, kabro, Thadeus. Nilidhani angelia au angefurahi. Aliinuka akanimiminia chai.

"Simu ya meneja," akaniuliza, "ilipigwa mbele ya nani?"

Nikasema sijui, pengine peke yake ofisini.

"Mimi nilifukuzwa mbele ya watu. Huyu mtoto wangu, shuleni anaitwa mtoto wa mharibu chai. Siwezi kurudishwa sirini kama kitu kilichoibwa."

Hakuwa na hasira kama yangu. Ilikuwa imekaa chini, imetulia, na nadhani ina nguvu zaidi.

Jumatano, 23 Aprili

Thadeus amesema.

Hakuniarifu. Wakulima walikuwa wamefika kwa mkutano wao na wakurugenzi, wamekusanyika palepale kwenye mizani, Ongeri akiwaeleza kwamba tatizo la kiufundi limeshughulikiwa. Thadeus akapita katikati yao, akasimama kando yake, akavua kofia. Alisema kwa Ekegusii ili hata wazee wasikose neno. Alisema kebo ilikatwa, kwamba yeye alifunga tepu na kufunika akijua haitadumu, na kwamba Adoyo hana kosa hata la chembe. Hakusema nani alimwagiza. Nilisubiri aseme, hakusema. Ongeri naye alikuwa anatazama viatu vyake sasa.

Mama yangu ndiye aliyesema wa kwanza, akauliza nani atamwambia Adoyo. Mtu akajibu kwamba ataambiwa. Mama akasema, "Siku ya kumfukuza hatukusema ataambiwa. Tulipiga makofi." Kisha akafunga leso yake kiunoni, akaanza kutembea kuelekea sokoni, na wanawake kadhaa wakamfuata.

Sikuwahi kujua kwamba mama naye alipiga makofi.

Jumatatu, 28 Aprili

Thadeus amesimamishwa kazi. Ongeri bado yuko ofisini, ameketi kwenye kiti kilekile, na ameniita kuniagiza niandike ripoti ya kebo bila kutaja majina. Aliyeshika tepu ametoka, aliyesema funika amebaki. Nimeandika ripoti, na nimetaja majina yote, pamoja na lake, nikawapelekea wakurugenzi. Nimemkasirikia Thadeus kuliko mtu yeyote, lakini hata yeye hakustahili kuibeba peke yake.

Alhamisi, 8 Mei

Kebo mpya imelazwa ardhini ndani ya bomba lake. Nimeipima mvua ikinyesha. Nzima.

Mama Sheryl amerudi leo kwa amri ya wakurugenzi. Mmoja wao alikuja mwenyewe, akamrudishia aproni pale kwenye mizani, wafanyakazi na wakulima wakitazama. Aliivaa, akasema asante, akapanda juu kwenye safu yake, akabonyeza kuwasha. Feni ikapanda mwendo taratibu, ikatulia. Majani yakaanza kupumua.

Nilikuwa nakagua draivu nilipomwona Ongeri akipanda ngazi. Alimkaribia, akainamia sikio lake. Feni hiyo ikizunguka huwezi kumsikia hata aliye karibu nawe. Niliona midomo yake ikisogea, na uso wake umekunjamana kama mtu anayemeza kwinini. Watu kumi na zaidi tulikuwa hapo na hakuna aliyeambulia neno.

Mama Sheryl akanyoosha mkono akazima feni.

Ukimya ukajaa jengo lote. Mvua ilikuwa imekwisha. Kila mtu akageuka.

"Sema tena, Bwana Meneja," akamwambia kwa upole. "Feni ilikuwa inapiga kelele."

Ongeri alitazama ngazi, akatutazama sisi. Kisha akasema, kwa sauti ambayo hata wa chini kwenye mizani waliisikia, kwamba alimwonea, na kwamba ni yeye aliyemwagiza Thadeus afunike kebo.

Mama Sheryl akamwitikia kwa kichwa. Akageukia kitufe, akawasha feni, akaanza kugeuza majani.